Namba moja niliyoibadilisha mnarani, na kwa nini nataka tuijadili 6G kabla haijafungwa

#1 FundiMawimbi

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba uvumilivu wenu.

Kazi yangu kwa miaka mingi ni kurekebisha mitandao ya simu. Sipandi minara. Nakaa mbele ya skrini, naangalia takwimu za kila mnara na kubadilisha mipangilio mpaka mambo yakae sawa. Kuna jambo nililifanya enzi za 4G ambalo sijawahi kulisimulia hadharani. Naanza nalo, maana bila hilo mtadhani nimewaletea falsafa.

Mnara wa 4G huamua kila milisekunde: kati ya simu zote zinazosubiri, ipi ihudumiwe sasa. Ni mara 1000 kwa sekunde. Ukiuacha umpe kila mara yule anayesikika vizuri kuliko wote, jumla ya data inayopita itakuwa kubwa kabisa, ila aliye mbali, aliye bondeni au nyuma ya ukuta mnene atakaa na njaa. Ukilazimisha wote wapate kasi moja, wa mbali watakula karibu muda wote na kila mtu ataburuzwa chini. Kanuni iliyozoeleka iko katikati. Mnara unalinganisha hali ya simu yako sasa hivi na wastani wa ulichokuwa unapata muda mfupi uliopita. Aliyesubiri sana uzito wake unapanda, mpaka zamu yake inafika. Frank Kelly wa Cambridge aliiweka hesabu hiyo katika umbo linalojulikana leo mwaka 1997, na inaitwa haki ya uwiano. Neno haki limo kwenye jina lenyewe.

Vifaa tulivyotumia vilikuwa na namba ya kuisogeza kanuni hiyo upande mmoja au mwingine. Wakubwa walitaka wastani wa kasi upande kabla robo mwaka haijaisha. Nikaisogeza. Namba moja, minara kama mia mbili, jioni moja. Asubuhi wastani ulikuwa juu, nikapongezwa.

Wiki mbili baadaye nikafungua takwimu za asilimia 5 ya watumiaji walio chini kabisa. Walikuwa wameporomoka. Kwenye mnara mmoja, saa za jioni, kulikuwa na simu zinazoomba ukurasa uleule mara sita, saba, nane, kisha zinanyamaza. Nilikaa nikiitazama ile mistari. Kila mstari ni mtu ameshika simu mkononi. Malalamiko hayakuwepo hata moja, kwa sababu malalamiko yalipokelewa kupitia programu ya simu na programu hiyo ilihitaji intaneti. Nikairudisha ile namba ilipokuwa.

Sikuvunja sheria yoyote. Hakuna kikao kilichojadili nani apunjwe ili nani ang'are. Uamuzi wa kugawa haki kati ya maelfu ya watu ulikuwa kwenye kisanduku kimoja cha mipangilio, na mimi ndiye niliyekuwa zamu.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema "tutie maadili kwenye mitandao ijayo", huwa nasita. Yamo tayari, tangu zamani. Tunachopaswa kuulizana ni nani aliyatia, kama yanaonekana, na kama kuna mtu analazimika kuyatekeleza.

Sasa tuje kwenye 6G, kizazi cha mitandao ya simu kitakachofuata 5G. Novemba 2023 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ilipitisha mfumo mkuu wa kizazi hicho, waraka unaoitwa M.2160, na jina rasmi ni IMT-2030. Umetaja matumizi sita, na juu yake mambo manne yanayopaswa kugusa kila kitu: uendelevu, kuwaunganisha ambao hawajaunganishwa, akili mnemba kila mahali, na usalama pamoja na ustahimilivu. Hayo ya uendelevu na ya wasiounganishwa si madogo. Kwa hesabu ya ITU, mwaka 2024 watu bilioni 2.6 walikuwa bado nje ya intaneti. Kuyaona kwenye waraka wa redio ni hatua.

Lakini waraka wa ITU unasema unakotaka kufika. Njia yenyewe, ujumbe kwa ujumbe kati ya simu na mnara, inaandikwa 3GPP, muungano wa mashirika yanayotunga viwango vya simu. Huko warsha ya kwanza ya 6G ilifanyika Incheon, Korea Kusini, Machi 2025. Toleo la 20 ni la utafiti, Toleo la 21 ndilo litakalobeba viwango vyenyewe, na mitandao inatarajiwa karibu na 2030. Kwa hiyo tuko kwenye kipindi kile ambacho udongo bado haujakauka.

Na nyaraka za viwango zina lugha yake. Kuna maneno ya daraja tatu: *lazima*, *inapendekezwa*, *inaweza*. Mimi nikipewa waraka wa kurasa mia tatu unaozungumzia faragha, naruka utangulizi wote mzuri, natafuta *lazima* ziko wapi. Nitawapa mfano mmoja kwa kirefu.

GSM, yaani 2G ya 1991, iliitaka simu ijitambulishe kwa mtandao. Mtandao haukutakiwa kujitambulisha kwa simu. Yeyote mwenye vifaa angeweza kusimamisha mnara bandia, simu zilizo karibu zikamfuata na kumtajia namba ya kudumu ya laini. 3G ikaleta utambulisho wa pande mbili, lakini ile namba ya kudumu iliendelea kuruka hewani ikiwa uchi kila simu ilipoulizwa. Ilibidi tusubiri 5G ndipo tukapata dawa: simu inaifunga namba kwa ufunguo wa umma wa kampuni yake (huo unafunga tu; wa kufungulia ni wa siri, uko kwa kampuni) kabla haijaitoa, na anayesikiliza njiani anaambulia herufi zisizo na maana. Kazi nzuri sana, na natoa heshima kwa walioipigania.

Kisha soma mstari unaofuata. Simu ni lazima iweze kufanya hivyo. Kampuni ya simu si lazima iwashe. Kiwango kinaruhusu mpangilio wa "sifuri", ambapo namba inapita kwenye njia ileile ya kuificha, na inatoka upande wa pili kama ilivyoingia. Karibu miaka thelathini ya kusubiri, halafu ulinzi ukaachiwa mtu wa zamu aamue.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Karibuni.

---

#2 Mdadisi77

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho, na ile ya namba moja imenigusa. Ila niruhusu nipinge. Mtandao ni bomba. Maji yakitumika vibaya hatumlaumu fundi bomba. Maadili ni kazi ya serikali, mahakama na wazazi. Mkianza kuwapa wahandisi kazi ya maadili, kesho wataamua tuone nini na tusione nini. Halafu maadili ya nani? Unachoita faragha wewe, mwenzako anakiita kuficha wahalifu.

---

#3 NeemaSikivu

Ndugu Mdadisi, naomba nikujibu hilo la bomba kwa sikio langu.

Nimevaa kifaa cha kusaidia kusikia tangu nikiwa msichana. Simu za GSM zilipokuja kila mtu alifurahi, na mimi nikafurahi. Nilipoiweka sikioni mara ya kwanza nilisikia mngurumo, *zzzzz*, kama nyuki kwenye kopo. Sauti ya aliyenipigia ilikuwa nyuma ya ule mngurumo, siishiki. Nikadhani kifaa changu kimeharibika. Nikabadilisha betri, nikakipeleka kwa fundi, akakikuta kizima.

Nilielezwa sababu miaka mingi baadaye. Simu ya GSM haitumi mawimbi mfululizo, inatuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na vifaa vyetu vinavinasa vile vipande na kuvigeuza sauti. Waliochagua utaratibu huo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanagawa masafa kwa akili. Ila mezani hapakuwa na mtu mwenye kifaa sikioni ambaye angesema "subirini, jaribuni na hiki."

Matokeo yake niliongea kwa kipaza sauti kwa miaka. Kila aliyekuwa chumbani alisikia daktari akinipa majibu yangu. Marekani ndiyo kwanza mwaka 2003 ilitoa masharti ya kuwataka watengenezaji wa simu za mkononi wawe na aina zinazopatana na vifaa vyetu.

Sasa hilo ni bomba gani? Bomba halikuniambia nisione nini. Lilinifungia nje kabla sijasema hata neno.

---

#4 FundiMawimbi

Dada Neema, asante. Hiyo ya daktari sikuwahi kuifikiria, na nimefanya kazi na zile 217 kwa miaka.

Mdadisi, swali lako la "maadili ya nani" ni zuri na silikwepi. Sitaki wahandisi waamue watu waseme nini. Ninachosema ni kwamba kuna maamuzi ambayo hayawezi kuahirishwa mpaka mahakama ifunguliwe, kwa sababu mtandao hauwezi kufanya kazi bila kuyafanya. Lazima mtu achague simu ipi ipewe milisekunde hii. Lazima achague namba ya laini ipite wazi au ikiwa imefungwa. Usipochagua wewe, umechaguliwa.

Na udhaifu unaoutengeneza kwa ajili ya "wale" unarudi nyumbani. GSM ilikuwa na usimbaji, yaani njia ya kuyafunga mazungumzo ili asiyehusika asiyaelewe, wa aina mbili, A5/1 na A5/2. Huo wa pili ulidhoofishwa makusudi ili uuzwe nchi ambazo hazikuaminiwa. Mwaka 2003 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba A5/2 unafunguka kwa chini ya sekunde moja. Mbaya zaidi, ufunguo uliotumika kwenye ule dhaifu ndio uleule wa ule wenye nguvu. Kwa hiyo mshambuliaji aliihadaa simu ya mtu wa nchi "inayoaminiwa" itumie ule dhaifu kwa kitambo, akachukua ufunguo, akarudi kufungua mazungumzo yote. Waliowapunja wengine ulinzi wakawa wamejipunja wenyewe.

Wahandisi wamewahi kuchukua msimamo bila kugeuka wasimamizi wa mawazo ya watu. Mei 2014, baada ya Edward Snowden kufichua siri za upelelezi wa Marekani, IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika kanuni za intaneti (itifaki), ilitoa waraka RFC 7258, na jina lake tu linatosha: ufuatiliaji wa halaiki ni shambulio. Hawakuuliza anayefuatilia ni mwema au mwovu. Walisema kiufundi ni shambulio, kwa hiyo itifaki zisanifiwe kulikabili. Mwaka 2017 wenzao wa upande wa utafiti, IRTF, wakaongeza RFC 8280, yenye maswali ya haki za binadamu ambayo mbunifu wa itifaki anaweza kujiuliza. Ukiona leo karibu kila tovuti imefungwa kwa usimbaji, msimamo kama huo umechangia.

---

#5 Mpokezi

Naomba kuchangia kama mtu aliyekaa kwenye meza ya simu za dharura.

Mnapohesabu mabaya, hesabuni na zuri hili. Viwango vya GSM vilisema simu ya dharura ipite kwenye mtandao wowote unaopatikana, hata kama si wa kampuni yako, na kiufundi hata bila laini ndani ya simu. Fikirini uzito wake. Kampuni zinazogombania kila mteja zilikubali kwamba mtu akiwa hatarini, ugomvi unasimama. Nimepokea simu za namna hiyo. Mtoto aliokota simu isiyo na laini, akabonyeza 112 kwa sababu ndiyo pekee iliyokubali. Mama yake alikuwa sakafuni.

Lakini nimepokea pia mamia ya simu za mzaha kutoka simu zisizo na laini, huwezi kujua ni nani, na wakati unapoteza naye dakika kuna mwingine anasubiri. Ujerumani iliamua mwaka 2009 kwamba simu ya dharura lazima iwe na laini, kwa sababu hiyohiyo. Siwalaumu. Wala siwezi kumsahau yule mtoto. Anayedhani maadili ni orodha ya mambo mema yasiyogongana, akae zamu moja tu ya usiku.

Na kuna jipya. Mitandao ya zamani inazimwa, na simu nyingine za 4G zilikuwa zinapiga simu za kawaida kwa 4G ila zikitaka kupiga ya dharura zinarudi 3G. Ukizima 3G, mwenye simu hiyo hajui kitu mpaka siku ya ajali. Australia mwaka 2024 ilibidi iagize simu za namna hiyo zifungiwe kabisa, watu walazimike kubadilisha mapema. Mkiandika 6G, andikeni na namna itakavyozimwa.

---

#6 Kivuli

Swali dogo wakuu. Nimesikia 6G itaweza kumwona mtu hata asiye na simu. Ni kweli au ni maneno ya mitaani?

---

#7 FundiMawimbi

Kivuli, swali lako si dogo. Kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Ni kweli kwa maana hii. Kati ya yale matumizi sita ya IMT-2030, moja ni kuunganisha mawasiliano na uhisi. Mawimbi ya mnara yanagonga vitu na kurudi. Mpaka leo tumeyahesabu kama kelele, tunayachuja. Wazo la sasa ni kuyasoma: mnara uwe rada. Si ndoto. Dina Katabi na wenzake pale MIT walionyesha mwaka 2013 kwamba mawimbi ya Wi-Fi yanaweza kutambua mtu anayetembea nyuma ya ukuta, na mwaka 2015 wakapima pumzi na mapigo ya moyo ya mtu bila kumvisha chochote.

Faida zake nazijua na sizibezi. Mzee anayeishi peke yake akianguka bafuni, mtandao ungeweza kujua bila kamera. Mvua ingeweza kupimwa kwa jinsi inavyodhoofisha mawimbi, mnara hadi mnara, mahali pasipo na kituo cha hali ya hewa. Gari lingeona kona kabla halijafika.

Tatizo ni hili. Faragha yote tuliyoijenga kwenye simu inasimama juu ya simu. Unakubali masharti kwenye simu. Unazima utambuzi wa mahali ulipo kwenye simu. Ukichoka kabisa, unaiacha nyumbani. Mwili hauna kitufe cha kuzimia. Mgeni aliyekuja kukutembelea, mtoto mchanga, mtu ambaye hajawahi kumiliki laini: wote wanasomwa, na hakuna mkataba wowote kati yao na kampuni. Ridhaa tunayoijua haina mahali pa kushikia.

Mimi ningependa kuona mambo machache yakiandikwa kwa *lazima*. Uhisi uwe umezimwa mpaka mtu mwenye mamlaka auwashe kwa sababu iliyotajwa. Usahihi uwe na dari: kama unataka kujua mvua, huhitaji kiwango cha kuona kifua kikipanda na kushuka. Mawimbi ghafi yasomwe palepale mnarani na kutupwa, litoke jibu tu, "ameanguka" au "hajaanguka". Na mnara utangaze hewani kwamba sasa unahisi, ili simu yoyote, hata ya kampuni nyingine, imwambie mwenyewe. Hilo la mwisho ni rahisi kiufundi. Minara hutangaza mambo yake muda wote.

Nasisitiza dari ya usahihi kwa sababu ndiyo itakayopigwa vita. Mtu akishanunua vifaa vinavyoona mpaka mapigo ya moyo, atatafuta kazi ya kuvipa.

---

#8 MwanaSheria

Naongeza kidogo kutoka upande wangu. Watu hupenda kusema "tutaweka mlango, lakini funguo atakuwa nazo mwenye kibali cha mahakama pekee." Tuna historia ya milango hiyo. Ugiriki, 2004 hadi 2005, wavamizi waliingia kwenye mitambo ya simu na kuwasha chombo cha usikilizaji wa kisheria kilichokuwa humo tayari. Simu zaidi ya mia moja zilisikilizwa, ikiwemo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis. Marekani ilitunga sheria mwaka 1994 ya kuzitaka kampuni za simu ziwe na uwezo huo, na mwaka 2024 ikabainika kwamba wadukuzi waliohusishwa na Uchina wameingia kwenye kampuni kadhaa za simu na kugusa mifumo hiyohiyo.

Mlango ukishakuwepo hauulizi anayeingia ni nani. Hili la uhisi anaozungumzia Fundi litakuwa mlango mkubwa kuliko wa sauti. Sauti unaweza kuinyamazisha.

---

#9 Mdadisi77

Nimekubali la Neema, na la uhisi limenitisha kweli. Lakini bado sijaona mkono wangu unafikaje huko. Nani yuko kwenye hicho chumba cha 3GPP? Mimi naingilia wapi?

---

#10 FundiMawimbi

3GPP ilianzishwa 1998. Ina washirika saba wa viwango: wawili wa Japani, na mmoja mmoja wa Marekani, Ulaya, Uchina, Korea na India. Afrika hakuna, Amerika ya Kusini hakuna. Kuingia mikutanoni unapitia kwa mmoja wa hao saba, na wengi wanaoingia ni kampuni zinazotengeneza vifaa, kampuni za simu na watengenezaji wa chipu. Maamuzi hufanywa kwa makubaliano, ila makubaliano kati ya nani? Kati ya walioweza kulipia tiketi, hoteli na mshahara wa mtu wa kukaa akisoma nyaraka elfu kwa mkutano mmoja. Hakuna anayemfukuza Neema. Ila hakuna aliyemnunulia tiketi.

Ulaya kuna jitihada nazifuatilia kwa matumaini. Mradi wa Hexa-X, ulioanza Januari 2021, na mwendelezo wake Hexa-X-II, ulileta wazo la viashiria vya thamani: pamoja na kupima kasi na ucheleweshaji, upime mtandao unawafanyia nini watu na mazingira. Wazo ni zuri. Hofu yangu ni moja. Kasi ina mita. "Ujumuishi" ukibaki bila mita, itakapofika siku ya kupunguza gharama ndio wa kwanza kukatwa.

Na inawezekana kuupa mita. Mahitaji ya 5G ya ITU ya mwaka 2017 yanapima kasi ya mtumiaji kwenye ile asilimia 5 ya chini, wale wale niliowaumiza mimi. Tatizo ni kwamba kasi hiyo inapimwa kwenye tathmini ya teknolojia, kabla haijakubaliwa. Ukishapita mtihani, hakuna kiwango kinachokulazimisha uendelee kuiripoti mnara kwa mnara, mwezi kwa mwezi. Ningekuwa na ombi moja tu kwa 6G, lingekuwa hilo: ile asilimia 5 iwe namba hai, inayoonekana na mdhibiti wa mawasiliano, na umma pia.

Hasa kwa sababu ya akili mnemba. Kwenye 6G ule uchaguzi wa kila milisekunde unatarajiwa kufanywa na mfumo uliojifunza wenyewe. Mimi niliweza kuirudisha ile namba kwa sababu ilikuwepo. Mfumo ukiambiwa "pandisha wastani", utagundua njia ileile niliyoigundua, kwa haraka zaidi, na hakutakuwa na kisanduku cha kufungua ukaona wapi umewapunja watu. Kitakachobaki kuonekana ni matokeo tu. Usipoyapima, hujui.

Mkono wako unafika kwa mdhibiti wa nchi yako, mkuu. Nchi zina kiti ITU hata kama hazina 3GPP, na mkutano wa masafa wa dunia ni 2027. Wadhibiti huitisha maoni ya umma, na hayo ya kiufundi huwa karibu hayana wachangiaji. Ukurasa mmoja wa Neema kuhusu zile 217 utasomwa.

---

#11 Mpokezi

Nilisahau kitu, na kinahusu hili la kuona watu. Kuna njia ya kutoa tahadhari iliyomo tangu GSM: mnara unatangaza ujumbe kwa simu zote zilizo chini yake kwa mkupuo. Hauhitaji namba ya mtu, wala haujui nani kapokea. Unapaza sauti tu. Mafuriko ya Ujerumani ya Julai 2021 yaliua zaidi ya watu 180, na njia hiyo haikuwa imewashwa nchini humo. Iliwashwa Februari 2023. Uholanzi walikuwa nayo tangu 2012.

Kwa hiyo tukiambiwa kwamba ili kutuokoa ni lazima watujue tuko wapi mmoja mmoja, tukumbuke kwamba kuna waliokwisha kutengeneza njia ya kuokoa isiyouliza jina.

---

#12 FundiMawimbi

Mpokezi, hicho ndicho kipande bora kwenye uzi wote. Na angalia: ilikuwepo kwenye kiwango, ila ilikuwa *inaweza*.

Kabla sijasahau umeme, kwa kifupi. Mnara wa 4G hutuma ishara za rejea kila milisekunde, hata usiku wa manane pasipo na simu hata moja. Kwenye 5G walibadilisha, ishara kuu za utambulisho kwa kawaida hutoka kila milisekunde 20, na inaweza kufika 160, hivyo mnara unapata pa kusinzia. Hapo mtu alijali mazingira na akaandika kwenye muundo wenyewe, si kwenye tangazo. Inawezekana.

---

#13 ZamuYaUsiku

Wakuu, mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Nafanya kazi kwenye mitambo ya kati ya kampuni moja ya simu, sitaitaja. Niliposoma la mpangilio wa sifuri jana nikaenda kuangalia yetu. 5G yetu ni ile kamili, haitegemei mitambo ya 4G, kwa hiyo ulinzi huo unawezekana. Sehemu ya kufungua namba zilizofichwa ipo, ilinunuliwa, na leseni yake inalipiwa kila mwaka. Ufunguo wa siri umo. Nikaangalia maelekezo tuliyowapa watengenezaji wa laini: safu ya ufunguo wa umma iko tupu. Laini zote tulizotoa zinatangaza namba wazi.

Nikamuuliza mwenzangu aliyekuwepo wakati wa kufunga mitambo. Hakuna aliyekataa. Waliacha wazi ili majaribio yaende haraka, wakapanga kurudi, kisha wale wa mradi wakahamishwa.

Nimeandika ombi la mabadiliko. Laini mpya zitoke na ufunguo kuanzia shehena ijayo, na za zamani zinazokubali zisasishwe kupitia hewani, kundi dogo kwanza. Kwenye safu ya sababu sikujua niandike nini, fomu ina "hitilafu", "mahitaji ya kibiashara" na "agizo la mdhibiti". Nimechagua hitilafu. Linasubiri saini mbili.

---

#14 FundiMawimbi

Umechagua sawasawa, ndugu yangu. Jaribu kwanza na simu za aina nyingi, kuna za zamani kidogo zinazogoma kusajiliwa zikikuta ufunguo, na angalia mzigo kwenye sehemu ya kufungua saa mitambo inapowashwa upya, maana simu zote zinajitambulisha kwa pamoja. Saini zikipatikana, tupe mrejesho hapahapa.